Duka la Dawa la Mtaani ni la Nani?



Ndugu wasomaji, wazazi wetu na vijana wetu mlioko masomoni, wiki hii tunaomba tuzungumze jambo ambalo karibu kila mmoja wetu hulipita kila siku bila ya kulitazama. Hapa Kampala tunapoandikia, ukitoka msikitini kwetu ukateremka mpaka kituo cha taksi, utahesabu maduka ya dawa matano. Yote yana taa kali na rafu zilizojaa. Manne kati yake yana ngazi mlangoni, na yote matano yana wavu wa chuma kati ya mnunuzi na muuzaji. Sisi tulio wazima hatuoni tatizo hapo. Tunaruka mtaro, tunapanda, tunasogeza mdomo karibu na wavu, tunasema shida yetu, tunalipa, tunaondoka.

Tuanze na kisa kimoja. Mwenyewe ameturuhusu kukisimulia maadamu hatutaji jina lake.

Katika familia tunazotembeleana yuko mama mmoja kiziwi, fundi cherehani, mama wa watoto watatu. Mkubwa wao ni binti wa miaka tisa, mwepesi wa akili, na tangu alipokuwa mdogo kabisa yeye ndiye masikio ya mama yake: sokoni, kwa mwenye nyumba, shuleni, kila mahali. Watu humsifu sana mtoto huyu. Hata sisi tumemsifu, tena mbele ya watoto wetu ili waige. Siku moja mama alipata maradhi ya kike, yale ambayo mwanamke hamwambii kila mtu, akaenda duka la dawa na binti yake kama kawaida. Nyuma yao walikuwa wamesimama wanaume watatu wanasubiri zamu. Mama alieleza kwa mikono, binti akasema kwa mdomo kile alichokielewa, nacho hakikuwa kingi. Muuzaji, kijana mwenye haraka zake, akaanza kuuliza kwa sauti kutoka nyuma ya wavu: muulize mama yako anatokwa na nini, muulize rangi yake, muulize kama ana mimba, muulize mara ya mwisho kukutana na mumewe ni lini.

Mtoto alinyamaza. Kisha akamgeukia mama yake, akamwonyesha kwa mikono kwamba dawa hiyo hakuna. Wakarudi nyumbani.

Mama aliamini kuwa dawa hakuna. Alikaa siku nane akinywa vidonge vya maumivu vilivyokuwa kabatini, mpaka usiku mmoja homa ikampanda vibaya na jirani akamkimbiza hospitali, akalazwa siku nne. Binti alisema ukweli mama yake akiwa wodini. Alisema huku analia, akidhani mama atakufa kwa ajili yake. Alhamdulillah, mama alipona. Lakini tangu siku ile binti hataki tena kuingia naye duka lolote la dawa. Humsindikiza mpaka nje, akasimama kando ya barabara.

Hatumlaumu mtoto hata kidogo. Na yule kijana wa dukani, ukimuuliza, atakwambia kwamba aliuliza alichofundishwa kuuliza, na kwa kweli maswali yenyewe yalikuwa sahihi. Bila ya majibu yake huwezi kumpa mtu dawa ya aina ile. Tatizo ni nani aliyeulizwa, na aliulizwa mbele ya nani.

Huenda msomaji akasema: kwani lazima duka la dawa? Si waende hospitali? Ndugu yetu, fikiri jinsi matibabu yalivyo kwetu. Uganda iliondoa malipo katika vituo vya afya vya serikali mwezi wa Machi 2001, na lilikuwa jambo jema sana kwa maskini. Lakini kila anayekwenda kituoni anajua mambo yanavyokuwa. Dawa huletwa kwa awamu kutoka bohari ya taifa, na mara nyingi huisha kabla ya awamu nyingine kufika. Unapimwa bure, unaandikiwa bure, kisha unaambiwa: hizi kanunue nje. Hiyo "nje" ndiyo lile duka lenye ngazi tatu. Na wengi wetu hata kituoni hatuanzii. Mtoto akichemka usiku, bibi akiumwa na mgongo, mwanafunzi akipata kidonda, tunaanza dukani, kwa sababu hakuna foleni ya asubuhi nzima na kwa sababu muuza dawa anatujua kwa jina. Kwa hiyo anayeshindwa kulitumia duka la dawa ameshindwa kuufikia mlango wa kwanza wa tiba, na mara nyingi ndio mlango pekee unaobaki wazi baada ya Magharibi.

Na watu wenyewe si wachache. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2022 kuwa watu bilioni 1.3 wanaishi na ulemavu mkubwa, yaani mtu 1 katika kila watu 6. Tazameni safu za Ijumaa, kisha mjiulize wenzetu hao wako wapi.

Tuzungumze kwanza habari ya ngazi, maana ndiyo inayoonekana. Kampala ni mji wa vilima na mvua kubwa. Wajenzi huinua vibaraza vya maduka juu ya barabara ili maji yasiingie ndani, na mbele ya kibaraza hupita mtaro. Si ubaya, wana sababu zao. Lakini yuko mzee wetu mmoja aliyepata polio utotoni, anayetembea kwa baiskeli ya magurudumu matatu ile ya kuzungushwa kwa mikono. Afikapo mbele ya duka husimama barabarani, katikati ya bodaboda na taksi, akaita. Muuzaji akiwa peke yake hawezi kuacha duka na fedha akashuka. Basi mzee humpa pesa na cheti cha daktari mpita njia yeyote. Siku nyingine chenji hurudi kamili, siku nyingine hurudi pungufu. Yeye husema kuwa chenji si kitu. Kinachomchosha ni kupaza sauti barabarani kama mwombaji ilhali pesa anayo mfukoni.

Sisi tuliona kwamba anapoteza kitu kikubwa kuliko chenji na hata kuliko heshima. Anapoteza mazungumzo. Kwa miaka miwili mzee huyu alikuwa akinunua vidonge vya maumivu ya mabega, kwa sababu mabega ndiyo miguu yake, na kazi ya kuzungusha ile baiskeli kwenye vilima vyetu si ndogo. Alikuwa akinunua diklofenaki, dawa inayojulikana na kila mtu. Wakati huo huo ana presha na ana vidonda vya tumbo. Mfamasia yeyote aliyesoma angemwuliza maswali mawili tu na kumwonya, kwa sababu dawa za jamii ile hupandisha presha na huchokonoa tumbo. Hakuna aliyemwuliza, kwa kuwa hakuna aliyeuziana naye uso kwa uso. Dawa ilikuwa ikinunuliwa na vijana wa bodaboda.

Hapo ndipo ilipo hoja yetu. Tunadhani kumsaidia mwenye ulemavu ni kumfikishia dawa. Lakini dawa ni nusu ya kile kinachouzwa pale. Nusu nyingine ni swali na jibu: unatumia nini kingine, una aleji, ni mjamzito, unakunywa kabla ya kula au baada yake, ukisahau ufanye nini. Nusu hii haibebwi na mpita njia, na wala haitakiwi kubebwa na mtoto wa miaka tisa.

Sasa tuje kwenye bahasha. Kila msomaji anaijua: mfuko mdogo wa karatasi au wa nailoni, vidonge ndani, juu yake kalamu imeandika "1x3" au "2x2". Muuzaji amekusudia kidonge 1 mara 3 kwa siku. Kwa aliyezoea ni wazi. Kwa ambaye hakwenda shule, au kiziwi aliyesoma kidogo na hakupata kusikia maelezo, maandishi hayo ni fumbo. Tumekutana na mtu aliyeelewa kuwa ni vidonge 3 kwa mpigo mmoja. Baadhi ya pakiti za dawa mseto ya malaria zimetatua jambo hili kwa kuchora jua na mwezi, na mtu mzima anaona kwa macho kuwa ni vidonge 4 asubuhi na 4 jioni kwa siku 3, jumla 24. Kwa nini basi muuzaji asichore jua na mwezi kwenye bahasha yake? Kalamu anayo mkononi. (Ajabu ni kwamba wauza nyanya wetu wana alama zao za kuwatambulisha wateja wasiojua kusoma, na hawakusomea popote.)

Kwa asiyeona hali ni nzito zaidi. Mwalimu wetu mmoja mstaafu wa madrasa alipoteza macho uzeeni. Alikuwa na dawa mbili, moja ya kisukari na nyingine ya presha, zote vidonge vidogo vyeupe vya mviringo, ndani ya bahasha mbili zinazofanana kama mapacha. Mjukuu wake alikuwa akimsomea. Mjukuu alipokwenda shule ya bweni, mwalimu akawa anapapasa. Akachanganya, akanywa ile ya kisukari mara nyingi kuliko alivyoandikiwa, sukari ikashuka, na majirani wakamkuta juu ya mswala anatoka jasho na hatambui watu. Walimpa maji ya sukari akarejea. Kilichoandaliwa baada ya hapo hakikugharimu kitu: bahasha ya presha inafungwa mpira mmoja, ya kisukari mipira miwili. Basi. Mipira ile ile ya kufungia noti. Na muuza dawa humrekodia maelezo kwa sauti kwenye simu, naye husikiliza kila anapotaka. Ilibidi mtu akaribie kufa ndipo mtu mwingine akakumbuka mipira.

Huko Ulaya, sheria ya mwaka 2004 ya Umoja wa nchi zao ilitaka jina la dawa liandikwe kwa nukta nundu juu ya boksi. Maboksi mengine ya dawa zinazotoka huko hufika hadi kwetu na nukta zake. Ukipapasa utazisikia vidoleni. Lakini dukani kwetu boksi hubaki kwenye rafu, muuzaji anakata vidonge kumi kwa mkasi, anavitia kwenye bahasha laini, na nukta zote zimebaki dukani. Hatusemi kwamba kila asiyeona anasoma nukta nundu, la, wengi waliopofuka ukubwani hawazisomi. Tunasema tu kwamba hata kile kilichokwisha kutengenezwa tunakitupa mlangoni. Aombaye boksi zima na apewe, hata kama amenunua nusu ya vidonge.

Kuhusu wenzetu wenye ulemavu wa akili, na wale wenye kifafa ambao watu huwadhania hawana akili, tutasema maneno machache tu, maana tabia ni moja: muuzaji huzungumza na aliyemsindikiza. Mgonjwa yuko pale, amesimama, ana miaka thelathini, anajua jina la dawa yake kuliko kaka yake aliyemleta, na hakuna anayemtazama. Dawa ya kifafa haitaki kurukwa hata siku moja. Ni nani anayetakiwa kulielewa hilo kuliko mwenye kuinywa?

Na kwa kuwa kila mwaka Ramadhani hutukuta na swali lile lile, tuliseme pia. Dawa ya mara tatu kwa siku haiingii kati ya futari na daku kwa mtu kujipangia mwenyewe. Kuna dawa ambazo mfamasia akishirikiana na daktari wanaweza kuzibadilisha zikawa za mara moja au mara mbili, na kuna wagonjwa ambao wanatakiwa wale mchana, na ruhusa wanayo. Wazima huuliza jambo hili dukani wiki moja kabla ya mwezi kuandama. Kiziwi atamwuliza nani? Tunawajua waliofunga na kuacha dawa, na tunawajua waliofunga wakazinywa zote tatu kwa pamoja usiku.

Kwa upande wa sheria, nchi yetu haina haja ya kuona haya. Katiba ya 1995 iliwatambua wenye ulemavu na heshima yao, ikataka pia lugha ya alama iendelezwe, na ilikuwa miongoni mwa katiba za mwanzo duniani kuitaja. Bunge lina viti 5 vya wawakilishi wa wenye ulemavu, na mwaka 1996 aliingia humo Mheshimiwa Alex Ndeezi, kiziwi, akazungumza kwa mikono na mkalimani wake pembeni. Uganda iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2008, na mkataba huo una kifungu cha 9 juu ya majengo na huduma kufikika na kifungu cha 25 juu ya afya. Ikaja Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2020, iliyochukua nafasi ya ile ya 2006, nayo inakataza kumbagua mtu katika huduma zinazotolewa kwa umma. Kiziwi aliingia bungeni mwaka 1996, na mama kiziwi bado anaulizwa rangi ya uchafu wake kupitia kwa mwanawe. Umbali huu kati ya karatasi na kaunta si wa kulaumiwa serikali peke yake. Hata hivyo Mamlaka ya Taifa ya Dawa ndiyo inayotoa leseni za maduka haya, na wakaguzi wake huangalia jengo, mahali pa kuhifadhia dawa na sifa za anayeuza. Tungependa waangalie na mlango pia.

Tumezungumza na wenye maduka wawili watatu tunaowafahamu, ili tusiwe watu wa kusema upande mmoja. Walitwambia hivi. Wavu ni kwa ajili ya wezi, na mmoja wao ameshawahi kuibiwa kwa nguvu. Ngazi ni za mwenye jengo, mpangaji hana ruhusa ya kuzigusa. Faida ni ndogo, msaidizi ni mmoja, na jioni watu ni wengi. Haya yote ni kweli na hatuyapuuzi. Lakini wavu si lazima uondoke. Kinachotakiwa ni dirisha moja lishuke, lifike usawa wa mtu aliyekaa, na liwe na kijinafasi cha pembeni ambacho mtu anaweza kusema jambo lake bila ya foleni nzima kusikia. Kijinafasi hicho kingemfaa pia mwanamke anayesikia vizuri, na kijana mwenye maradhi ya aibu, na yule anayechukua dawa za virusi. Haya ni maslahi ya dukani, si sadaka.

Kuhusu kupeleka dawa nyumbani, tunaukumbuka mwaka 2020, nchi ilipofungwa kwa sababu ya korona na bodaboda zikaruhusiwa kubeba mizigo tu, abiria hapana. Wenye ulemavu walikwama majumbani kuliko watu wote. Ndipo baadhi ya maduka yakajifunza kupokea cheti kwa picha ya simu, kulipwa kwa simu, na kumtuma kijana wa boda. Wengine wanaendelea mpaka leo, na kwa asiyeweza kutoka kitandani hii ni neema. Tunashauri tu kwamba mfamasia apige simu kabla ya kutuma, aulize yale maswali yake. Kwa kiziwi apige simu ya picha, akiwapo mkalimani mtu mzima aliyechaguliwa na mgonjwa mwenyewe. Dawa ikifika mlangoni bila ya mazungumzo, tumerudi kwa yule mpita njia wa barabarani.

Vijana wetu mnaosomea uuguzi na famasia, hapa mna kazi. Hamhitaji kuwa wakalimani. Kazi hiyo ina mafunzo yake, na Chuo Kikuu cha Kyambogo huwafundisha wakalimani wa lugha ya alama. Lakini ishara thelathini zinatosha kumpokea mtu: karibu, wapi panauma, tangu lini, homa, tumbo, mimba, aleji, asubuhi, jioni, kabla ya kula, baada ya kula, rudi ukizidiwa. Zinajifunzwa kwa wiki mbili kutoka kwa viziwi wenyewe, nao wapo tele na hufurahi kuulizwa. Daftari na kalamu pia husaidia, kwa yule aliyesoma.

Sasa tunajigeukia sisi wenyewe, familia. Tumefanya vizuri kuwabeba watu wetu, na malipo yapo kwa Mwenyezi Mungu. Lakini kubeba kwetu kumewafanya wasionekane. Muuza dawa hamjui mzee wa baiskeli kwa sura, anamjua mjukuu. Mwenye jengo hajawahi kuona gurudumu mbele ya ngazi zake, kwa sababu sisi tumeamua kwamba ni haraka zaidi kumtuma mtoto. Tukiulizwa, tunasema "hawezi." Wakati mwingine anaweza, ila sisi hatuna nusu saa. Bwana Abdullah ibn Umm Maktum, asiyeona, alikuja mwenyewe kwa Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, na swali lake mwenyewe, na sote tunajua Surat Abasa iliteremka kwa sababu gani. Hakutuma mtu.

Kwa hiyo tumeanza jambo dogo. Mara moja kwa wiki, kila familia kati yetu iliyo na mwenye ulemavu inakwenda naye dukani yeye mwenyewe, na aliyemsindikiza anakaa nyuma na kufunga mdomo. Wiki za mwanzo zilikuwa ngumu. Muuzaji mmoja alikuwa akiruka kumtazama msindikizaji kila baada ya neno, kama mtu anayetafuta mlango wa kutokea. Sasa amezoea. Yule mama fundi cherehani amehamia duka la mbali kidogo, ambako anauza dada mmoja muuguzi. Wamekubaliana aende saa nne asubuhi, duka likiwa tupu, na dada yule ametengeneza karatasi yenye picha za mwili na maswali yake. Mama huonyesha kwa kidole. Binti yuko shuleni saa hizo.

Tuliwaambia mwanzo kwamba duka moja kati ya matano halina ngazi. Tulimwendea mwenye duka kumshukuru. Akacheka. Alisema mteremko ule aliumwaga kwa ajili ya mkokoteni unaoleta katoni za maji ya kunywa, hakuwahi kufikiria viti vya magurudumu. Saruji ni mifuko miwili na kazi ya siku moja. Tangu hapo wateja wake wameongezeka, wakiwamo kina mama wenye vigari vya watoto na wazee wenye magoti mabovu.

Na duka lenye ngazi ndefu kuliko yote, lile ambalo mzee wetu huita kutoka barabarani, liko kwenye jengo la wakfu wa msikiti wetu. Kodi yake hulipia umeme na mshahara wa mwalimu wa watoto. Ngazi zile tulizijenga sisi, kwa michango yetu, na siku ya ufunguzi tulipiga picha tumesimama juu yake.

Mwezi uliopita tulimleta mwashi apime. Ngazi tatu, jumla sentimita 45. Mteremko ambao mtu anaweza kuupanda kwa mikono yake mwenyewe, bila ya kusukumwa, unataka urefu wa 12 kwa kila kimo cha 1, kwa hiyo tunahitaji mita 5 na sentimita 40. Mbele ya duka, kutoka ukutani mpaka mtaroni, kuna mita 2 tu. Hauwezi kwenda mbele. Itabidi ulazwe ubavuni, ufuate ukuta, pale ambapo siku ya Ijumaa huegeshwa magari. Mwashi anasema magari mawili yatakosa nafasi. Kamati imekaa juu ya jambo hili mara mbili na haijakubaliana, na mojawapo ya magari hayo ni letu, sisi tunaoandika haya.

Kikao cha tatu ni Jumapili baada ya Alasiri. Mzee wa baiskeli amealikwa, na kitafanyika uwanjani, si ofisini, kwa sababu ofisi ya kamati iko ghorofani.

Wabillahi tawfiq.